Barua ya mwakilishi wangu kuhusu bunduki: kipi kimeshakuwa sheria, na kipi bado ni nia?

Swali

Shikamoo mwalimu. Naishi Houston, nina grini kadi na watoto watatu, mkubwa ana miaka 19. Wiki iliyopita nimepata barua ya kurasa nne kutoka kwa mwakilishi wetu wa Kongresi. Kurasa mbili zote ni usalama wa bunduki: ameleta muswada huu, ameunga mkono ule, amepiga kura, amehimiza. Kisha kodi, kutuma pesa nyumbani, msaada wa chakula. Nimeisoma mara tatu na sijajua kipi tayari ni sheria. Tena mdogo wangu yuko hapa kwa viza ya masomo na anataka kwenda kulenga shabaha na wenzake. Na kazini kuna mwenzangu ameniomba nimnunulie bastola kwa jina langu, atanirudishia hela, eti mimi nina karatasi safi. Mwisho, mimi nisiyepiga kura ninaruhusiwa kumjibu huyo mwakilishi?

Jibu

Marahaba, mama. Nianze na hiyo bastola, maana barua ya mwakilishi haina haraka.

Usiinunue. Dukani utapewa fomu namba 4473, na humo utaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo ilhali hela ni za mwenzako, umeshaidanganya serikali ya shirikisho kabla hujaigusa hiyo silaha. Wala usijitetee kwamba mwenzako ni mtu mwema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Bruce Abramski, aliyewahi kuwa polisi Virginia. Alimnunulia mjomba wake bastola kwa sababu yeye angepata bei ya polisi. Mjomba alikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha, na Abramski pia. Hatia yake ikathibitishwa hivyo hivyo, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwa kosa la kujiandika mnunuzi wakati mnunuzi alikuwa mwingine. Na huyo alikuwa raia. Wewe wa grini kadi ukipatikana na hatia ya kosa la silaha unaweza kufunguliwa kesi ya kurudishwa kwenu, hata kama umekaa hapa miaka ishirini.

Tangu Juni 2022 mtego huo umekazwa zaidi. Kumnunulia silaha mtu ambaye sheria imemkataza kumiliki sasa ni kosa linalojitegemea, na kifungo chake kinafika miaka 15. Silaha ikiwa ya kutumika kwenye biashara ya dawa za kulevya au ugaidi, kinafika miaka 25. Kumpa mtu zawadi kwa hela yako mwenyewe ni jambo jingine, ilimradi si miongoni mwa waliokatazwa. Lakini mtu anayekuomba uende wewe kwa sababu karatasi zako ni safi ameshakueleza hali ya karatasi zake.

Kuhusu mdogo wako: wewe mwenye ukaazi wa kudumu sheria ya shirikisho haikukatazi kumiliki bunduki. Yeye wa viza ya masomo inamkataza, na neno lake si kununua tu, hata kuwa nayo mkononi. Bunduki ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha nayo imo. Upo upenyo mmoja unaojulikana sana, leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kama hana, akae pembeni awapige picha wenzake. Wanafunzi wengi wanaingia kwenye kosa hili wakidhani ni mchezo wa Jumamosi, kisha picha wanaziweka wenyewe mtandaoni.

Sasa barua. Nilifanya kazi miaka sita kwenye ofisi ya mwakilishi mmoja ambaye sitamtaja, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuandika barua kama hiyo uliyopata. Kwa hiyo nikikuambia usome vitenzi kabla ya vichwa vya habari, najua ninachosema. Julai 2022 ofisi yetu ilituma barua iliyosema “tumepitisha marufuku ya bunduki za kivita”. Siku chache baadaye mzee mmoja akaja nayo mkononi, ameikunja mara nne, akiuliza askari watakuja lini kuzikusanya na kama wataleta fidia. Barua haikuwa na uongo. Baraza la Wawakilishi kweli lilipitisha muswada huo tarehe 29 Julai, kura 217 kwa 213. Haukufika popote Seneti. Marufuku pekee ya aina hiyo kuwahi kuwa sheria ya nchi nzima ilianza Septemba 1994, ikaachwa ife yenyewe Septemba 2004. Neno “tumepitisha” lilikuwa la kweli na mzee alikuwa amepotoshwa, vyote kwa pamoja.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunapotoshwa kirahisi zaidi, kwa sababu ya bunge tulilolizoea. Dodoma, muswada ukifika mezani kwa kawaida umeletwa na serikali, na ukiletwa na serikali unapita. Kwa hiyo tukisikia “muswada umewasilishwa” masikio yetu yanasikia “sheria inakuja”. Washington mambo hayako hivyo. Kwenye ukumbi wa Wawakilishi kuna sanduku la mbao pembeni ya meza ya karani. Mwakilishi yeyote kati ya 435 anaweza kutumbukiza humo muswada wake, hahitaji ruhusa ya waziri wala ya chama. Kila kipindi cha Kongresi, yaani miaka miwili, inawasilishwa miswada zaidi ya elfu kumi. Kipindi kilichoisha Januari 2025 kilizaa sheria chini ya 300, na baadhi yake ni za kuipa posta jina la marehemu fulani. Miswada mingine yote kipindi kinapoisha inakufa, na anayeitaka anaanza upya na namba mpya.

Hivyo “nimewasilisha” inakuambia mtu anataka nini. “Nimeunga mkono” maana yake ameweka jina lake chini ya muswada wa mwenzake, kazi ya dakika moja. “Nimehimiza” ni barua. Ofisi yetu ilikuwa inahimiza hata mara tano kwa wiki. “Nimepiga kura” ndicho kitenzi chenye uzito, lakini hapo uliza: kura ya chumba kipi cha Kongresi, Wawakilishi au Seneti, na chumba cha pili kilifanya nini?

Kwenye bunduki, chumba cha pili ndiko mambo mengi yanakozikwa. Seneti ina watu 100, na kwa miswada mingi, kabla ya kura ya mwisho zinahitajika kura 60 za kufunga mjadala. Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Aprili iliyofuata maseneta wawili, mmoja Democrat na mmoja Republican, walileta pendekezo la kupanua upekuzi wa rekodi za wanunuzi hadi kwenye maonyesho ya bunduki na mauzo ya mtandaoni. Likapata kura 54 kwa 46. Kwa hesabu ya kwetu limeshinda. Kwa hesabu ya Seneti limeanguka. Wawakilishi nao walipitisha muswada wa kupekua rekodi karibu katika kila mauzo mwaka 2019, wakaupitisha tena 2021. Mara zote mbili uliishia kwenye kabati la Seneti. Mwakilishi wako akikuandikia kwamba “amepigania” upekuzi wa wote, muulize kwa upole anazungumzia mwaka upi.

(Kabla sijaendelea: barua yako ikitafsiriwa na mashine itakuchanganya, maana Kiswahili kinasema “jimbo” kwa Texas na “jimbo” kwa eneo la uchaguzi. Mimi hapa jimbo ni Texas tu. La mwakilishi wako naliita wilaya.)

Kilichofika hadi kuwa sheria ni ile ya tarehe 25 Juni 2022, aliyoisaini Biden. Tarehe 14 Mei watu 10 waliuawa katika duka la vyakula Buffalo, New York. Siku kumi baadaye, Uvalde, hapo hapo Texas, watoto 19 na walimu wao wawili. Waliokaa mezani kutafuta maneno ambayo kura 60 zingeyameza ni maseneta wanne, na uzito mkubwa ulikuwa kwa Chris Murphy wa Connecticut na John Cornyn wa Texas. Katikati ya mazungumzo Cornyn alikwenda kwenye mkutano mkuu wa Republican wa Texas, uliofanyika mjini kwenu Houston, akazomewa ukumbini na watu wa chama chake. Akarudi Washington akaendelea. Kura zikawa 65 kwa 33, Republican 15 wakiwemo. Mimi si shabiki wa siasa zake, lakini siku ile alipiga kura iliyomgharimu, na kura za namna hiyo si nyingi katika miaka niliyokaa mle.

Sheria hiyo inafanya nini nyumbani kwako? Mwanao wa miaka 19 akienda kwa muuzaji mwenye leseni kununua bunduki ndefu, rekodi zake za utotoni nazo zinaangaliwa. Wapekuzi wakiona jambo la kufuatilia, wana hadi siku 10 za kazi. Mnunuzi mwenye miaka 21 na kuendelea, siku tatu za kazi zikipita bila jibu muuzaji anaruhusiwa kumkabidhi silaha. Udhaifu huo umekuwepo tangu sheria ya 1993 iliyopewa jina la James Brady, msemaji wa Ikulu aliyepigwa risasi ya kichwa 1981 katika jaribio la kumuua Reagan. Yule aliyewaua waumini tisa kanisani Charleston mwaka 2015 alipata bastola yake kwa njia hiyo, siku tatu zilipita. Wapo waliojaribu kuuziba upenyo huo, nao waliishia kabatini nilikokutajia.

Zipo pia dola milioni 750 kwa majimbo, na hapa barua za wawakilishi wengi huwa zinateleza. Utasoma kwamba fedha hizo ni za amri za mahakama za kumnyang'anya silaha kwa muda mtu anayetishia kujidhuru au kuua wengine. Ni kweli zinaweza kutumika hivyo katika majimbo zaidi ya 20 yenye sheria za aina hiyo. Texas haimo. Mwaka 2025 bunge la jimbo huko Austin lilikwenda mbali zaidi, likapitisha sheria ya kuzikataa amri hizo. Fedha hizo Texas inaweza kuzipeleka kwenye programu nyingine, kwa mfano mahakama za waathirika wa dawa za kulevya, lakini wewe ukihofia mtu wa nyumbani kwako hakuna jaji wa kumwendea kwa ombi la namna ile. Ungekuwa umehamia Colorado, jibu langu lingekuwa tofauti.

Mahakama nazo zina mkono wao, tena mrefu. Siku ileile Seneti ilipopiga kura, 23 Juni 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yoyote ya silaha lazima ilingane na desturi ya kihistoria ya nchi hii. Tangu hapo majaji wanapekua magazeti na sheria za karne ya 18. Mwaka 2024 mahakama hiyohiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya kulinda mwenzi wake dhidi ya kipigo anaweza kunyimwa silaha. Wiki moja kabla ilikuwa imefuta marufuku ya vifaa vinavyoifanya bunduki ifyatue mfululizo kama bombomu, kwa sababu marufuku hiyo ilitoka kwa wakala wa serikali na haikutoka kwa Kongresi. Kesi zote mbili zilianzia Texas. Kwa hiyo mwakilishi akiandika “nimelihimiza shirika fulani litoe kanuni”, kumbuka kanuni ya shirika ni nyumba ya udongo.

Sasa geuza ukurasa wa tatu, ule wa kodi. Nakubali unachosha. Lakini badiliko la sheria ya silaha lililopita mwaka 2025 limejificha humo, na nina hakika kwenye zile kurasa mbili za bunduki hulioni.

Tarehe 4 Julai 2025 Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Seneti iliipitisha kwa kura 51 kwa 50, makamu wa rais akiwa ndiye wa kuvunja sare. Ungeniuliza: si umesema zinahitajika 60? Zinahitajika, isipokuwa kwa muswada wa bajeti unaopitia utaratibu maalumu, ambao wingi wa kawaida unatosha. Masharti ni kwamba kila kipengele kihusu mapato au matumizi ya serikali. Hapo ndipo wajanja wanapopakia mizigo. Tangu 1934 mtu anayetaka kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki, au bunduki ya mtutu mfupi, alilipa kodi ya dola 200 na kusajiliwa kwa alama za vidole. Mwaka 1934 dola 200 zilikuwa mali ya kutisha. Kodi haikupandishwa tena, mfumuko wa bei ukaila. Wawakilishi walitaka kuviondoa viwambo kwenye usajili kabisa. Mshauri wa kanuni wa Seneti akasema usajili si suala la bajeti, toeni. Wakabaki na kodi, wakaishusha kutoka 200 hadi sifuri, kuanzia 1 Januari 2026. Usajili upo, kodi haipo. Huo ndio muswada wa silaha uliopita, bila neno “silaha” kwenye jalada.

Sheria hiyohiyo ndiyo inayogusa pesa unazotuma nyumbani. Kuanzia 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma nje ya nchi kwa kulipa taslimu au kwa hawala za karatasi. Pendekezo la mwanzo lilikuwa asilimia 5 na liliwasamehe raia. Lililopita ni asilimia 1 na linamgusa yeyote, raia na asiye raia. Ukienda dirishani na dola 300 za mkononi, utaongeza dola 3. Ukituma kwa simu ikivuta kwenye akaunti yako ya benki au kadi iliyotolewa na benki ya Marekani, hulipi kodi hiyo. Waambie na wale mama wa kikundi chenu wanaopeleka noti dukani kila mwisho wa mwezi.

Na ya tatu ni chakula. Zamani mkimbizi aliyeletwa hapa na serikali alistahili SNAP, msaada wa chakula wa serikali, tangu siku za mwanzo. Sheria hii imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi mpaka wapate grini kadi. Kwa ndugu zetu wa Kongo waliokaa kambi ya Nyarugusu miaka kumi na tano kisha wakashukia Houston na mabegi mawili, hilo ni zito kuliko yote niliyoandika hapa. Mwenye haki ya kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja asingoje mwezi wa kumi na nane.

Nirudi kidogo kwenye bunduki, kwa jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye barua ya mwakilishi likipewa nafasi yake. Mwaka 2023 risasi ziliua watu zaidi ya 46,700 nchini humu. Karibu 27,300 kati yao walijiua wenyewe. Barua zinaandikwa kuhusu shule na maduka, kwa sababu hayo ndiyo tunayoyaona kwenye televisheni. Vifo vingi vinatokea chumbani, mtu peke yake, na bastola iliyokuwa kwenye droo ya baba. Sheria ya Texas inamtia hatiani anayeacha silaha yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia, lakini mara nyingi sheria hiyo inakumbukwa baada ya msiba. Wanao wawili wadogo wakialikwa kulala kwa rafiki, uliza kama pale nyumbani kuna bunduki na kama imefungiwa. Najua kwetu ni aibu kumuuliza mwenyeji wako swali la namna hiyo. Mimi nilianza kwa kusema, “Mwanangu ana mikono mirefu, naomba nijue hatari zote za nyumba,” nikitaja mbwa na bwawa la kuogelea kwanza. Hakuna aliyekasirika. Na simu ya 988, ya kumsaidia mtu anayefikiria kujiua, nayo iliongezewa dola milioni 150 na ile sheria ya 2022. Iandike mlangoni kwenye friji.

Kuhusu kumjibu mwakilishi: mjibu. Wilaya yake huhesabiwa kwa wakaazi wote, na wewe umo ndani ya ile hesabu ya watu wapatao laki saba na nusu anaowawakilisha. Ofisini hatukuwa tunauliza uraia, tulikuwa tunauliza anwani, ili kujua kama ni mtu wetu. Ukiandika “naunga mkono usalama wa bunduki” utapata barua ya shukrani iliyochapwa tayari. Andika hivi: muswada wako namba fulani umekwama kamati gani, na je, umetia saini ombi la kuutoa kamatini kwa nguvu? Ombi hilo lipo, linahitaji saini 218, na majina ya waliosaini ni ya wazi. Swali la hivyo halina jibu lililochapwa tayari, inabidi mtu akae aliandike.

Halafu angalia ukurasa wa nne, chini kabisa, kwa herufi ndogo: “ofisi yetu inaweza kukusaidia na mashirika ya shirikisho”. Kama maombi ya mume au mtoto yamelala uhamiaji kupita muda wa kawaida, hapo ndipo pa kupiga simu. Watakupa fomu ya kuruhusu wasome faili lako, na bila saini yako hawawezi kuuliza chochote. Isaini, baki na nakala, na uandike jina la mfanyakazi uliyezungumza naye, maana wanabadilika sana.